Shamba la Anathothi, Bonde la Kyela

Swali la mjadala: watu wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wanaposomewa ahadi za manabii wa Israeli, kwamba baada ya mateso kuna kurejeshwa, wanapewa tumaini la kweli au wanatulizwa tu?

MWALIMU WA HISTORIA: Baba Mchungaji, sina ugomvi na Biblia. Nina ugomvi na jinsi inavyofunguliwa wakati wa masika. Mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ikishuka kutoka milimani kwa nguvu zake zote, nyumba za matofali mabichi zinalala chini, mpunga unazama ungali shambani, maji ya vyoo yanaingia visimani. Jumapili inayofuata mimbarani inasomwa ile sehemu ya Yoeli ambapo Mungu anaahidi kulipa miaka iliyoliwa na nzige, au ile sura ya 40 ya Isaya inayofungua kwa faraja. Watu wanaitikia amina na kurudi kwenye matope. Sasa faraja ile ya Isaya ilikuwa na wenyewe. Yerusalemu ilianguka mwaka 587 KK, hekalu likachomwa, watu wakapelekwa Babeli, na miaka hamsini hivi baadaye Koreshi mfalme wa Uajemi akawaruhusu warudi. Ni habari ya taifa moja, uhamisho mmoja na mfalme mmoja. Kuitwaa na kuitandaza juu ya majaruba ya Kyela ni kumsomea mtu barua ya jirani yake. Tena ubaya wake haukomei hapo. Mtu aliyeambiwa kwamba Mungu atalipa haulizi tena ni nani aliyepaswa kuimarisha kingo za mto, wala ni nani aliyefyeka msitu huko juu maji yanakotoka.

MCHUNGAJI: Mwalimu, barua hizo zilihifadhiwa kwa sababu wajukuu walizisoma wakajiona ndani yake. Mfalme Yehoyakimu alilikata gombo la Yeremia kwa kisu kipande kwa kipande na kulitupa motoni, na mwandishi wake Baruku akaliandika upya, akaongeza na maneno mengine. Neno linaloandikwa mara mbili halikukusudiwa kusikika mara moja tu. Wala hatukuwa wa kwanza kulichukua nje ya Israeli. Kanisa la Moravian lililofika Rungwe mwaka 1891 lilikuwa lenyewe limewahi kufa. Baada ya vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, Waprotestanti wa Bohemia na Moravia walinyang'anywa makanisa, wakafukuzwa au wakalazimika kusali mafichoni. Askofu wao Jan Amos Comenius alizunguka Ulaya bila kwao na akafa Amsterdam mwaka 1670, akiamini kwamba imebaki mbegu ardhini. Wakimbizi wa kwanza walianza kujenga Herrnhut huko Ujerumani, kwenye ardhi ya mwinyi aitwaye Zinzendorf, mwaka 1722. Hesabu, Mwalimu: miaka 102. Na tangu mwaka 1731 Herrnhut huchapa kitabu chenye neno la kila siku kutoka Agano la Kale. Watu waliopanda ziwa hili hili kwa njia ya Zambezi na Shire, wao na wenzao wa Misioni ya Berlin mwaka ule wa 1891, walibeba ahadi za manabii kama watu ambao kanisa lao liliwahi kuzihitaji. Ukisema barua hii ni ya jirani, basi imeshapita mikono mingi kabla ya kufika Kyela, na kila mkono uliidai kuwa yake.

MWALIMU WA HISTORIA: Umetaja waliopanda ziwa. Tuangalie walichokikuta. Oktoba 1887, karibu na Karonga, watu wa Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejitangaza sultani wa nchi ya Wangonde, waliwazingira Wangonde waliokimbilia bwawa la Kambwe. Matete yakawashwa moto. Aliyekimbia moto alikutana na risasi, aliyekimbia risasi alikutana na mamba. Walionusurika walikimbilia upande wa Songwe, kwa ndugu zao wa lugha na damu. Ukitafuta bonde la mifupa mikavu katika nchi hii, usiende kwa Ezekieli, nenda Kambwe. Na ukombozi ulikujaje? Kampuni ya Maziwa ya Waskoti, ambayo mwanzoni ilikuwa mteja wa Mlozi kwa pembe zake, ilipigana naye bila kumshinda. Mwaka 1895 kamishna wa Uingereza, Harry Johnston, akaja na askari na mizinga, ngome ikaanguka, Mlozi akanyongwa. Huyo ndiye Koreshi wetu. Upande wa pili wa Songwe Koreshi alikuwa Mjerumani, na mwaka 1898 ilishaanza kodi ya nyumba. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya Northey likaingia kutoka Nyasaland, wamisionari Wajerumani wakakamatwa, na wana wa waliookoka kwenye minyororo ya biashara ya watumwa wakabebeshwa mizigo ya vita vya watu wengine. Baada ya hapo ikawa dhahabu ya Lupa, shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, migodi ya Afrika Kusini kupitia waandikishaji wa Wenela, hadi Tanganyika huru ilipoufunga mlango ule. Vizazi vitatu vya wanaume vilikwenda Babeli kwa miguu yao wenyewe, kutafuta kodi. Kila mkombozi aligeuka bwana. Sasa nionyeshe palipo na kurejeshwa.

MCHUNGAJI: Nakubali kila ulichosema, na nasema hukutoka nje ya Biblia hata hatua moja. Isaya 45 inamwita Koreshi mpakwa mafuta, na papo hapo inasema hakumjua Mungu aliyempaka. Manabii hawakudanganyika juu ya mfalme wa kigeni, na waliorudi nao hawakudanganyika. Ukisoma Nehemia sura ya 9, watu wako nyumbani, ukuta umesimama, na katika sala yao wanakiri kwamba wao ni watumwa ndani ya nchi waliyopewa baba zao, na mavuno yake yanakwenda kwa wafalme waliowekwa juu yao. Hiyo ni sala ya watu ambao ahadi imeshatimia! Na Ezra anaeleza kwamba msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, wazee waliolikumbuka la kwanza walilia kwa sauti, wengine wakapiga kelele za furaha, na hakuna aliyeweza kuzitenganisha sauti hizo mbili. Mwaka 520 KK Hagai alisimama mbele ya jengo hilo akauliza kama wazee hawalioni kuwa si kitu. Kwa hiyo usiniambie kwamba historia ya Kyela inaipinga ahadi kwa kuwa kila ukombozi ulikuja nusu. Kitabu chenyewe kimeandika ile nusu, na hakikufuta ahadi kwa ajili yake wala hakikuficha upungufu ili kuilinda ahadi. Mtu akikuahidi kurejeshewa kusiko na kilio ndani yake, huyo hakuwasoma manabii.

MWALIMU WA HISTORIA: Basi tumefika penyewe. Mahubiri yanayosikika mjini Kyela, Ipinda na Kasumulu si ya Ezra akilia. Kila Januari mwaka mpya unatangazwa kuwa mwaka wa kurudishiwa vyote vilivyopotea, na mwenye haraka anaelekezwa mahali pa kuweka sadaka. Huyo mhubiri ana baba yake katika Biblia, anaitwa Hanania mwana wa Azuri. Katika Yeremia 28 Hanania aliwapa watu tarehe mbele ya umati: miaka miwili, vyombo vya hekalu vitakuwa vimerudi na waliohamishwa watakuwa nyumbani. Yeremia alimjibu amina, Bwana na afanye hivyo, na Hanania alipoivunja nira ya mti shingoni mwake, akaenda zake. Aliporudi alisema nira ya mti imevunjwa na mahali pake imewekwa ya chuma, na Hanania akafa mwaka uo huo. Hofu yangu ni hii: mtu aliyepoteza ekari mbili za mpunga hawezi kuwatofautisha Hanania na Yeremia kwa sikio. Wote wawili wanasema Mungu atarejesha. Wewe unampa alama gani ya kuwatambua?

MCHUNGAJI: Alama ipo, nayo ni karatasi. Sura ya 32: jeshi la Babeli limeuzingira mji, Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba Anathothi, kijijini kwao, kwa kuwa haki ya kulikomboa ni yake. Anathothi kwa wakati ule ilikuwa mikononi mwa adui. Shamba lile halikuwa na bei. Yeremia akalinunua. Na hapa maandiko, ambayo mara nyingi hupita juu ya mambo, yanasimama na kuhesabu: shekeli 17 za fedha zikapimwa katika mizani, hati ikaandikwa, mashahidi wakatia sahihi, nakala moja ikafungwa kwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, zote mbili akapewa Baruku mbele ya watu waliokaa pale, naye akaambiwa azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sijui mahali pengine ambapo nabii alihubiri tumaini kwa kufuata taratibu zote za kuuziana ardhi. Angalia chombo chenyewe. Watu wa Matema hawana haja ya kufafanuliwa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono, huvisugua mpaka ving'ae, huvichoma, na Jumamosi huvileta soko la Lyulilo kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Ni chombo cha kuwekea maji na kupikia maharage. Humo ndimo ahadi ya Mungu iliwekwa, isilowe. Hanania alitoa tarehe na hakutoa hata senti. Yeremia hakujipa tarehe ya kulima. Alitoa fedha yake, akaweka mashahidi, akaacha maandishi ambayo mtu mwingine angeweza kumdai nayo. Anayetangaza kurejeshwa na hataki kuandika jina lake mahali, huyo ni Hanania.

MKULIMA WA MPUNGA: Baba Mchungaji, na wewe Mwalimu, nimewasikiliza, naomba nami niseme kwa upande wa shamba, maana mmelitaja sana na hamjaliingia. La kwanza, sisi hatuombi kurejeshewa hali ya zamani. Udongo wa bonde hili uliletwa na mafuriko. Mchele wa Kyela unaonukia hadi Dar es Salaam unakula tope ambalo mito hiyo hiyo imelibeba kutoka milimani kwa karne nyingi. Ukiuzuia mto usishuke kabisa umelinyima bonde chakula chake. Ukiuachia uende utakako umeua watoto. Kwa hiyo neno kurejeshwa likija kwetu kwa maana ya kila kitu kirudi kilipokuwa, halitusaidii: nyumba iliyoangushwa na Mbaka ikijengwa pale pale itaangushwa tena. Ezekieli alijua jambo hili. Sura ya 47 anaona mto unatoka hekaluni, maji yanafika vifundoni, magotini, viunoni, mwisho hayavukiki, na yanaponya bahari iliyokufa hata wavuvi wanatandaza nyavu kutoka Engedi mpaka En-eglaimu, kama usipa unavyotandazwa mchangani Matema. Lakini katikati ya uzuri wote huo kuna mstari mmoja ambao sisikii ukisomwa: mabwawa na madimbwi hayataponywa, yataachwa yawe ya chumvi. Nabii aliyeponya bahari nzima aliacha matope yabaki matope, kwa sababu chumvi nayo inahitajika. Na kwetu kuna ardhi ya kuachia maji. Kuna midomo ya mito na matete ambapo mbasa hupanda kwenda kutaga. Tumaini linaloahidi kukausha kila kitu na kugawa kila kitu viwanja litatumalizia samaki.

La pili ni deni. Mwalimu amesema wakombozi waligeuka mabwana, na Mchungaji akamjibu kwa Nehemia 9. Rudini nyuma kwenye sura ya 5. Ukuta haujamalizika kujengwa, watu wanalia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wanawatia wana wao na binti zao utumwani. Aliyewafanya hivyo hakuwa Mbabeli, alikuwa ndugu yao wa damu. Ndivyo ilivyo hapa maji yakipungua. Mwenye njaa ya Mei anauza mpunga ungali shambani kwa bei ya kutupa, na mnunuzi ni jirani, pengine wanaimba kwaya moja. Kwenye kakao ilikuwa hivyo hivyo, mtu anauza matunda yangali mtini, mpaka ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika vya Amcos. Mfumo huo una malalamiko yake, malipo yakichelewa mtoto anarudishwa kutoka shule, lakini walau mkulima ana karatasi mkononi. Nehemia hakuwaombea tu wenye madeni. Aliita mkutano mkubwa, akawakemea wakuu kwa uso, akawaapisha mbele ya makuhani warudishe mashamba siku ile ile. Nimengoja kusikia mahubiri ya mafuriko yatakayomtaja mnunuzi wa mpunga mbichi aliyekaa benchi la mbele.

MCHUNGAJI: Mama, hilo limenichoma, na sitalikwepa. Lakini kanisa likianza kwa kulaumu siku ya maafa, nani atawashika mkono waliofiwa? Kuna wakati mtu anahitaji tu kuambiwa kwamba Mungu hajamwacha.

MWALIMU WA HISTORIA: Hapo ndipo naona mimbari inaharakisha. Maombolezo, kitabu kizima kuhusu mji ule ule ulioanguka, kina sura tano za kilio, na mwisho wake ni swali kama Mungu amewakataa kabisa. Hakuna jibu linaloandikwa chini yake. Kitabu kiliachwa hivyo. Na wazee wa nchi hii nao walikuwa na namna yao. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, waliona mazishi ambapo wanawake hulia na wanaume hucheza ngoma ya vita, huzuni ikipewa nafasi yake yote kwa siku kadhaa. Waliona pia jambo linalotuhusu zaidi. Wanyakyusa waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta ugonjwa na kuzuia baraka, kwa hiyo kabla ya tambiko kufaa kitu, ndugu walipaswa kulitoa lile neno hadharani, na maji yakapulizwa kutoka kinywani kama ishara kwamba limetoka. Wazee walipokwenda Lubaga kwa mtemi-kuhani Lwembe, au kwenye pango la Kyala huko Palikyala chini ya milima ya Livingstone, kuomba mvua na kuondolewa tauni, swali la kwanza lilikuwa nani ana kinyongo na nani. Jina la Kyala wamisionari walilichukua wakalifanya jina la Mungu. Desturi ya kutamka kosa kabla ya kuomba baraka nadhani waliiacha pangoni, na ndiyo iliyofanana zaidi na manabii. Amosi ana sura nane na zaidi za mashtaka, ya mizani ya hila na maskini kuuzwa kwa jozi ya viatu, ndipo mistari michache ya mwisho inapoahidi kwamba kibanda cha Daudi kilichoanguka kitainuliwa. Ukianzia mwishoni umeisoma ahadi kabla ya hukumu iliyoizaa. Siwezi tena kusema barua si ya kwetu, Baba Mchungaji. Nasema inasomwa kuanzia ukurasa wa mwisho.

MCHUNGAJI: Nami nitaongeza jambo linalokulazimu wewe pia, Mwalimu. Sura ile ile ya Ezekieli inapomaliza habari za mto inagawa nchi, na inaagiza kwamba wageni wanaokaa kati ya Waisraeli na kuzaa watoto wapewe urithi kwa kura, sawa na mzaliwa. Wewe umetaja Wangonde waliokimbilia Songwe. Mto ule huhama. Mwaka mmoja shamba liko Tanzania, mafuriko yakipita liko ng'ambo, Malawi. Serikali mbili zimeshughulika kwa miaka mingi na mpango wa bonde la Songwe ili kuutuliza mto na mpaka. Ukiandika historia ya mateso ya mahali hapa, usiandike ya upande mmoja wa maji. Kurejeshwa kwa Ezekieli hakuna mwisho kwenye ukingo wa mto.

MKULIMA WA MPUNGA: Nimalizie na hiyo hati, maana ndiyo iliyonileta. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki ile ile kama mwanamume. Wajane wengi wa bonde hili hawana karatasi hiyo; mume akifa na mafuriko yakifuta mipaka, shemeji ndiye anayekumbuka shamba lilianzia wapi. Mchungaji, ukimhubiria mjane huyo Yeremia 32, nenda naye ofisi ya kijiji, na wewe uwe mmoja wa mashahidi. Kisha geuza kurasa ufike sura ya 34, usiirukie. Mji umezingirwa, mfalme Sedekia na wakuu wanaogopa, wanafanya agano kuwaacha huru watumwa wao wa Kiebrania. Jeshi la Babeli likaondoka kwa muda. Wakawarudisha utumwani wale wale. Maji yakiwa juu, kila mtu Kyela anasikia ahadi: tuta litajengwa, daraja litawekwa, madeni yatasubiri. Maji yakishuka, ndipo tunapojua nani alikuwa akisema kweli. Sura hizo mbili zisomwe siku moja.

MWALIMU WA HISTORIA: Na Yeremia mwenyewe, mama? Baada ya mji kuanguka alichukuliwa kwenda Misri, hakutaka kwenda, na hakuna mstari unaosema alirudi kulima shamba lile. Alilipa shekeli 17 kwa ardhi ambayo hakuilima.

MKULIMA WA MPUNGA: Ni kweli. Sasa fungua Ezra sura ya 2, kwenye orodha ya waliorudi kutoka Babeli, kijiji kwa kijiji. Watu wa Anathothi ni 128.